Vincent Kompany: Alishuka daraja na Burnley, siku 18 baadaye akapewa Bayern. Ilikuwaje?

Mei 11, 2024, Burnley walifungwa 2-1 na Tottenham jijini London, na maisha yao ya Ligi Kuu England yakaishia hapo. Msimu mzima walishinda mechi tano tu kati ya 38.

Mei 29, Bayern Munich, klabu yenye mataji mengi kuliko zote Ujerumani, ikatangaza kocha mpya. Jina lake? Vincent Kompany. Ndiyo, yule yule wa Burnley.

Hesabu mwenyewe. Ni siku 18.

Mitandaoni ikawa vicheko. Watu waliuliza swali moja ambalo, tuseme ukweli, lilikuwa la haki kabisa: kocha aliyeshindwa kuibakiza Burnley anaendaje kuwafundisha kina Harry Kane na Manuel Neuer?

Mwaka mmoja baadaye Kompany alikuwa bingwa wa Ujerumani, akiwa na miaka 39.

Kwa hiyo Bayern waliona nini ambacho sisi tuliokuwa tunaangalia msimamo wa ligi hatukukiona? Ili kuelewa, inabidi turudi nyuma kidogo. Tena nyuma sana, hadi Bukavu.

Mtoto wa mkimbizi

Kompany alizaliwa Aprili 10, 1986, Uccle, jijini Brussels. Mama yake, Jocelyne, alikuwa Mbelgiji aliyekuwa mstari wa mbele kwenye chama cha wafanyakazi. Baba yake, Pierre Kompany, ni mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na mtaani.

Pierre hakwenda Ulaya kutalii. Alikuwa mmoja wa vijana waliompinga Mobutu Sese Seko, na mwaka 1975 akafika Ubelgiji kama mkimbizi wa kisiasa. Alianza maisha upya, akasomea uhandisi, kisha akaingia kwenye siasa. Mwaka 2018 alichaguliwa kuwa meya wa Ganshoren, moja ya manispaa za Brussels. Alikuwa meya wa kwanza mweusi katika historia ya Ubelgiji.

Kwa nini tunaanzia huku? Kwa sababu ukimsikiliza Kompany akizungumza na waandishi wa habari, unamsikia mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo watu walikuwa wanabishana kwa hoja. Anazungumza Kifaransa, Kiholanzi, Kiingereza na Kijerumani. Jambo hilo litakuja kumsaidia baadaye, kwa hiyo liweke kichwani.

Nyota wa mapema, halafu majeraha

Alijiunga na shule ya soka ya Anderlecht akiwa na miaka sita tu. Mwaka 2003, akiwa na miaka 17, akaanza kucheza timu ya wakubwa. Februari 2004 tayari alikuwa ameichezea timu ya taifa ya Ubelgiji, dhidi ya Ufaransa. Mwaka huohuo akapewa Kiatu cha Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Ubelgiji.

Akiwa Anderlecht alibeba ubingwa wa ligi mara mbili, 2004 na 2006. Kisha akahamia Hamburg ya Ujerumani.

Hamburg hapakuwa rahisi. Aliumia kisigino, akakaa nje muda mrefu. Lakini aliondoka na vitu viwili: lugha ya Kijerumani, na uelewa wa Bundesliga. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba vitu hivyo vingekuja kuwa na thamani kiasi gani.

City: Aliingia kabla ya pesa

Agosti 22, 2008, Manchester City wakamsajili. Siku kumi baadaye, Septemba 1, klabu ikatangaza kuwa inanunuliwa na matajiri wa Abu Dhabi.

Yaani Kompany hakuletwa na pesa za Waarabu. Aliwakuta City ile ya zamani, timu iliyokuwa inaishi kwenye kivuli cha Manchester United, kisha akakaa mpaka ikageuka kuwa City unayoijua leo.

Mwanzoni chini ya Mark Hughes alikuwa anachezeshwa kiungo. Roberto Mancini alipokuja akamweka beki wa kati moja kwa moja, na mwaka 2011 akamkabidhi kitambaa cha unahodha.

Katika miaka 11 alicheza mechi 360. Alibeba Ligi Kuu mara nne (2012, 2014, 2018 na 2019), Kombe la FA mara mbili na Kombe la Ligi mara nne.

Lakini ukimuuliza shabiki wa City amtaje Kompany kwa mabao, atakutajia mawili.

La kwanza ni la Aprili 30, 2012, dhidi ya Manchester United. Kona ya David Silva, Kompany akaruka na kupiga kichwa: 1-0. Ushindi huo uliziweka City na United sawa kwa pointi, City wakiwa juu kwa tofauti ya mabao. Wiki mbili baadaye Sergio Aguero akafunga lile bao lake la dakika za majeruhi dhidi ya QPR, na ubingwa ukaenda kwa City kwa tofauti hiyohiyo ya mabao. Bila kichwa cha Kompany, bao la Aguero lingekuwa la kujifurahisha tu.

La pili ni la Mei 6, 2019, dhidi ya Leicester. City na Liverpool walikuwa wanakabana koo. Dakika ya 70 bado 0-0. Kompany akapata mpira nje kabisa ya boksi. Mwenyewe alisimulia baada ya mechi kwamba wenzake walikuwa wanampigia kelele asipige. Akapiga. Mpira ukaenda kona ya juu, Kasper Schmeichel akabaki anaruka hewani. City wakamaliza na pointi 98, Liverpool 97.

Siku 13 baadaye, siku moja tu tangu waifunge Watford 6-0 kwenye fainali ya Kombe la FA, Kompany akatangaza kuwa anaondoka.

Shule mbili alizosoma akiwa bado anacheza

Hapa ndipo stori ya ukocha inapoanzia, ingawa wengi huwa wanaruka sehemu hii.

Shule ya kwanza ilikuwa benchi. Kompany aliumia sana. Katika misimu yake minne ya mwisho City hakufikisha hata nusu ya mechi za ligi. Kwa mchezaji hiyo ni mateso. Lakini misimu mitatu kati ya hiyo kocha alikuwa Pep Guardiola, na nahodha majeruhi mwenye akili ana muda mwingi wa kuangalia kocha kama huyo anavyofanya kazi.

Shule ya pili ilikuwa shule kweli, ya madaftari. Kompany alisomea shahada ya uzamili ya biashara pale Manchester, akahitimu mwaka 2017. Utafiti wake ulihusu faida ya kucheza nyumbani na namna klabu za Ligi Kuu zinavyoweza kuitumia vizuri. Mada hiyo nayo iweke kichwani, maana itarudi kwa njia ya kikatili kidogo.

Nje ya uwanja alikuwa na mambo mengine. Mwaka 2013 alinunua klabu ndogo ya Brussels iliyopewa jina la BX Brussels. Alikuwa balozi wa SOS Vijiji vya Watoto. Na mapato ya mechi yake ya kuagwa Manchester, Septemba 2019, yalielekezwa kwenye kampeni ya kuwasaidia watu wasio na makazi jijini humo. Mechi yenyewe hakuicheza. Alikuwa majeruhi, tena.

Kosa la kwanza: Kuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja

Aliondoka City akarudi nyumbani, Anderlecht, kama mchezaji-kocha. Kwenye karatasi ilionekana stori tamu: mtoto wa nyumbani amerudi kuijenga klabu yake.

Uwanjani ikawa balaa. Mechi nne za kwanza za ligi, pointi mbili.

Kwa nini kazi hii ni ngumu? Jaribu kufikiria hivi. Kocha kazi yake wakati wa mechi ni kuona uwanja mzima: nani amechoka, nafasi iko wapi, mpinzani amebadilisha nini. Beki wa kati yeye anaona kilicho mbele yake tu, na akipoteza umakini kwa sekunde mbili, straika ameshapita. Huwezi kufanya yote mawili kwa dakika 90. Zamani wapo waliowahi kumudu, lakini soka la leo lina kasi na mbinu nyingi mno.

Agosti 2019 Kompany akakubali. Siku za mechi akabaki nahodha, na maamuzi ya benchi yakaachwa kwa msaidizi wake, Simon Davies. Oktoba klabu ikamleta Franky Vercauteren kuwa kocha mkuu. Msimu ule ulikatishwa na corona, Anderlecht wakiwa nafasi ya nane.

Kwa klabu kubwa kuliko zote Ubelgiji, nafasi ya nane ni aibu.

Agosti 2020 akafanya alichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Akastaafu kucheza, akawa kocha mkuu kamili. Hapo mambo yakaanza kukaa sawa. Msimu wa kwanza nafasi ya nne. Msimu wa pili ya tatu, na fainali ya Kombe la Ubelgiji ambayo walipoteza kwa penalti dhidi ya Gent.

Klabu haikuwa na pesa, hivyo alitegemea vijana na wachezaji wa mkopo. Mmoja wao alikuwa Joshua Zirkzee, straika kijana aliyetolewa na... Bayern Munich. Dunia ya soka ni ndogo.

Hakubeba taji lolote. Lakini watu wa soka walianza kuona kitu: timu yake ilikuwa inacheza mpira unaoeleweka, na vijana chini yake walikuwa wanakua.

Burnley: Msimu wa pointi 101

Juni 14, 2022, Burnley wakamchukua. Walikuwa wametoka kushuka daraja. Karibu miaka kumi walikuwa timu ya Sean Dyche: 4-4-2, mipira mirefu, mabeki wagumu, hakuna masihara. Kila shabiki wa soka hapa kwetu anaijua Burnley ile, maana ilishawaharibia watu mikeka mingi.

Kompany akabomoa nyumba yote. Kipa Nick Pope, mabeki James Tarkowski, Ben Mee na Nathan Collins, winga Dwight McNeil, wote waliondoka kiangazi kile. Wakaja vijana, wengine kwa mkopo: Ian Maatsen kutoka Chelsea, Taylor Harwood-Bellis kutoka City, Nathan Tella kutoka Southampton. Kiungo Josh Cullen akamfuata kutoka Anderlecht.

Na mipira mirefu ikaisha. Burnley wakaanza kucheza kuanzia kwa kipa, pasi fupi, mabeki wa pembeni wakiingia katikati kusaidia viungo.

Matokeo? Mechi 46, ushindi 29, sare 14, vipigo vitatu tu. Pointi 101. Walipanda daraja Aprili 7, 2023 wakiwa bado na mechi saba mkononi. Ubingwa wakauchukulia Ewood Park, uwanja wa watani wao Blackburn. Kwa lugha ya huku kwetu, ni kama Yanga atangaze ubingwa mbele ya Simba.

Mei 2023 akasaini mkataba mpya wa miaka mitano. Kila kitu kilikuwa kinaenda kama kilivyopangwa.

Kulikuwa na onyo moja tu. Machi mwaka huo walikutana na City ya Guardiola kwenye Kombe la FA. Wakacheza mpira wao uleule wa pasi. Wakafungwa 6-0.

Kosa la pili: Kuamini kwamba kilichofanya kazi chini kitafanya kazi juu

Ligi Kuu ikaanza. Mechi saba za kwanza za nyumbani, Burnley wakafungwa zote. Saba kati ya saba.

Unakumbuka ile mada ya utafiti wake? Faida ya kucheza nyumbani. Maisha nayo yana utani wake.

Ukikaa chini na kuchambua, sababu ni kama tatu hivi.

Kwanza, kikosi kilibadilika. Wale wa mkopo waliondoka. Tella alikwenda Bayer Leverkusen na kubeba ubingwa wa Ujerumani msimu uleule. Maatsen aliishia Borussia Dortmund na kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa. Ukiangalia vizuri, sehemu ya timu iliyopanda daraja ilikuwa ya watu wengine.

Pili, usajili mpya ulikuwa wa watoto. Wengi walikuwa vijana wenye vipaji ambao hawajawahi kuonja Ligi Kuu. Kule makosa yanaadhibiwa papo hapo. Ukipoteza mpira kwenye boksi lako daraja la chini, unaweza kusamehewa. Ukiupoteza mbele ya Erling Haaland, ni bao.

Tatu, na hii ndiyo iliyomkera kila mtu, Kompany hakubadilika haraka. Timu iliendelea kucheza kuanzia nyuma hata pale ilipokuwa wazi kwamba haiwezi. Walimaliza wa 19, pointi 24, wamefungwa mabao 78.

Kwa upande wake kuna jambo la kusema. Msimu ule timu zote tatu zilizopanda, yaani Burnley, Luton na Sheffield United, zilishuka pamoja. Msimu uliofuata zilizopanda zikashuka tena zote tatu. Pengo kati ya madaraja mawili ya England limekuwa kubwa sana, na kocha mmoja hawezi kuliziba kwa pasi fupi wala kwa mipira mirefu.

Lakini pengo ni sehemu tu ya maelezo. Kuna pointi ambazo zilipotea kwa ubishi wake mwenyewe.

Basi Bayern walimtaka kwa nini?

Jibu la kwanza halipendezi sana: hakuwa chaguo la kwanza. Wala la pili.

Bayern walikuwa wamemaliza msimu wa 2023/24 bila taji lolote, wakiwa wa tatu kwenye ligi, baada ya kuwa mabingwa mara 11 mfululizo. Thomas Tuchel alikuwa anaondoka. Walimtaka Xabi Alonso, akasema anabaki Leverkusen. Wakamtaka Julian Nagelsmann, akaongeza mkataba na timu ya taifa ya Ujerumani. Wakamgeukia Ralf Rangnick, akaamua kubaki na Austria. Wakajaribu hata kumrudisha Tuchel huyohuyo, mazungumzo yakavunjika.

Mtu ukikataliwa mara zote hizo, unaanza kuangalia majina ambayo mwanzo hukuyafikiria. Ndipo Max Eberl na Christoph Freund, waliokuwa wanasimamia mambo ya soka klabuni, wakafika kwa Kompany.

Jibu la pili ndilo la muhimu. Waajiri wale walikuwa wanaangalia timu inavyocheza kuliko nafasi yake kwenye msimamo. Bayern wanamiliki mpira karibu kila mechi. Wanahitaji kocha anayejua kufungua timu zinazojifungia nyuma, na hicho ndicho Kompany alichofanya akiwa na pointi 101. Alifeli na timu dhaifu iliyolazimishwa kucheza kama timu kubwa. Hawa sasa walikuwa timu kubwa kweli.

Ongeza na haya: Kijerumani anakijua. Bundesliga aliicheza. Chumba chenye mastaa wakubwa amekiongoza kwa miaka minane kama nahodha. Na Guardiola, aliyewahi kuifundisha Bayern, alishasema hadharani kwamba ipo siku Kompany atakuja kuifundisha City.

Burnley wakalipwa fidia, Kompany akasaini mpaka 2027.

Alibadilisha nini pale Munich?

Ukiitazama Bayern ya Kompany, angalia mabeki wa kati. Utawakuta karibu na mstari wa katikati ya uwanja, wakati mwingine wameuvuka kabisa.

Falsafa yake ni hii: mpira ukipotea, kila mtu anachukua mtu wake na kumbana palepale, hukohuko kwenye eneo la mpinzani. Mtu kwa mtu, uwanja mzima. Mpinzani hapewi hata sekunde ya kuinua kichwa.

Faida yake ni kwamba unanyang'anya mpira karibu na goli la mpinzani, na kutoka hapo ni pasi moja au mbili tu kufika langoni. Hasara ni kwamba nyuma yako kuna uwanja mtupu wa mita karibu 50. Mtu mmoja akipitwa, ni mbio za kifo.

Kwa hiyo mfumo huu unahitaji mabeki wenye kasi na moyo. Dayot Upamecano na Kim Min-jae, ambao msimu uliotangulia walikuwa wanalaumiwa kwa makosa, ghafla wakapewa kazi inayoendana na miguu yao. Mbele alisajiliwa Michael Olise kutoka Crystal Palace, akageuka kuwa mmoja wa mawinga hatari zaidi Ulaya.

Si kwamba hapakuwa na maumivu. Mechi ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa waliipiga Dinamo Zagreb 9-2, watu wakashangilia. Mwezi uliofuata Barcelona wakapita katikati ya uwanja ule mtupu na kuwafunga 4-1. Maneno yakaanza: huyu ni Kompany wa Burnley tu, jezi ndiyo imebadilika.

Hapa ndipo unaona tofauti na Burnley. Safari hii alirekebisha. Falsafa haikuiacha, ila timu ikaanza kuchagua wakati wa kubana juu na wakati wa kurudi nyuma kidogo.

Mwisho wa msimu: pointi 82, mabao 99, vipigo viwili tu kwenye ligi, na pengo la pointi 13 dhidi ya Leverkusen waliokuwa wa pili. Ubingwa ulithibitika Mei 4, 2025. Harry Kane, aliyekuwa ametaniwa miaka yote kwa kutokuwa na taji, akapata la kwanza maishani mwake.

Rekodi na deni

Msimu uliofuata ulianza kwa kasi zaidi. Wakiwa na Luis Diaz kutoka Liverpool na Jonathan Tah kutoka Leverkusen, Bayern walishinda mechi 16 za kwanza za mashindano yote. Hakuna timu ya ligi tano kubwa za Ulaya iliyowahi kuanza msimu hivyo. Ya 16 ilikuwa Novemba 4, 2025 jijini Paris, dhidi ya PSG waliokuwa mabingwa wa Ulaya. Walishinda 2-1, kipindi cha pili chote wakiwa watu kumi.

Oktoba ileile, kabla hata mbio hizo hazijaisha, klabu ilishamwongezea mkataba mpaka 2029.

Mashabiki wa Arsenal hapa nao wana lao la kusema, maana mwishoni mwa Novemba waliwafunga Bayern 3-1 pale Emirates na kuwapa kipigo cha kwanza cha msimu. Na Bayern hawapimwi kwa Bundesliga pekee. Msimu wake wa kwanza Kompany alitolewa na Inter robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na kwenye Kombe la Ujerumani akatolewa mapema na Leverkusen. Kule Munich, kocha asiyeleta kombe la Ulaya huwa anadaiwa.

Kuna jambo moja kubwa zaidi ya makombe

Desemba 2021, akiwa kocha wa Anderlecht, Kompany alitoka kwenye mechi dhidi ya Club Brugge akiwa na hasira. Alisema yeye na wasaidizi wake walikuwa wametupiwa maneno ya kibaguzi na mashabiki.

Hesabu makocha weusi waliowahi kupewa klabu za ukubwa huo Ulaya. Frank Rijkaard alibeba Ligi ya Mabingwa na Barcelona mwaka 2006. Ruud Gullit alibeba Kombe la FA na Chelsea mwaka 1997. Orodha inaanza kuwa fupi haraka sana, wakati wachezaji weusi wamejaa kila kikosi.

Ndiyo maana wengi waliona Bayern wanacheza kamari kwa kumchukua. Kwa makocha wanaofanana naye, kamari hiyo ilikuwa na uzito mwingine. Angefeli, ingekuwa rahisi sana kwa bodi fulani mahali fulani kusema: tulijaribu, ikashindikana.

Tukubaliane pia kwamba jina lilimsaidia. Kocha asiyejulikana akishuka na Burnley hapigiwi simu na Bayern, hata timu yake icheze pasi tamu kiasi gani. Kompany alipigiwa kwa sababu alikuwa nahodha wa City, mwanafunzi wa Guardiola, mtu ambaye waajiri walishamjua kabla hajaingia kwenye chumba cha usaili. Jina lilimfungulia mlango. Zile pointi 82 hazikutokana na jina.

Kompany kwa ufupi

Kuzaliwa: Aprili 10, 1986, Uccle, Brussels.

Klabu alizochezea: Anderlecht, Hamburg, Manchester City, Anderlecht.

Timu ya taifa: Ubelgiji, mechi 89. Alikuwemo kikosi kilichoshika nafasi ya tatu Kombe la Dunia 2018.

Klabu alizofundisha: Anderlecht, Burnley, Bayern Munich.

Mataji ya ligi kama kocha hadi mwisho wa 2025: ubingwa wa daraja la pili England (2023) na Bundesliga (2025).

Kwa hiyo siku nyingine timu yako ikimleta kocha ambaye CV yake ina mstari mbaya, kabla hujaandika "tumeisha" kwenye grupu la WhatsApp, tafuta mechi zake mbili tatu uziangalie. Ukishaziangalia na bado ukaona mmeisha, basi andika.